Baiskeli Niliyoiita Alumini

Nilisema ni alumini. Nilisema mbele ya watu, kwa sauti ya fundi aliyeshika spana miaka ishirini na zaidi, na hakuna aliyenilazimisha. Ninaanza hapo kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka katika neno hilo. Kwa muda mrefu, nilipowasimulia watu habari hii, nilikuwa naanzia kwenye moto, ambako nilionekana afadhali kidogo.

Kibanda changu kiko Mangobo, mbao nne na bati, kando ya barabara ya udongo mwekundu. Zamani nilibeba abiria nyuma ya baiskeli, kazi tunayoiita toleka, mpaka pikipiki zilipojaa mjini zikatunyang'anya barabara. Wenzangu wengi walinunua pikipiki au walirudi Isangi kuvua samaki. Mimi nilibaki na spana. Wateja wangu ni wabeba makaa, wabeba ndizi na muhogo, na watu wachache wanaokwenda mahali ambako pikipiki haifiki.

Mmoja wao alikuwa muuguzi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa upande wa Yanonge, mrefu, mwenye maneno machache. Kazi yake ilikuwa kuchanja watoto katika vijiji vya ng'ambo ya mto Lindi. Kutoka barabara kuu kulikuwa na njia ya miguu inayokatiza msituni, yenye vijito vitatu, na juu ya kila kijito kulikuwa na magogo mawili yaliyolazwa kuwa daraja. Wenye pikipiki walikuwa wakiyatazama magogo hayo, hasa baada ya mvua, kisha wakigeuza. Yeye alipita kwa baiskeli. Akifika kwenye magogo aliibeba begani, na sanduku la baridi la chanjo mgongoni. Baiskeli yake ya wakati huo ilikuwa ile nyeusi ya chuma ambayo kila mtu anaijua, nzito kama mbuzi aliyegoma kutembea. Ilikuwa imemharibu mgongo. Alipokuja kwangu hakukaa kwenye benchi. Alisimama akiushika ukuta.

Siku moja alikuja na baiskeli nyingine. Kaka yake anayeishi Ulaya alikuwa ameiweka ndani ya kontena pamoja na magodoro na friji za kuuza, na safari ile ilikula miezi hadi kufika. Nilipoiona niliweka chini nilichokuwa nakifanya. Haikuwa na paipu. Fremu nzima ilikuwa kitu kimoja, nene katikati, nyembamba nyuma, bila kiungo hata kimoja, kana kwamba mtu aliimimina kama uji katika chungu. Magurudumu hayakuwa na spoku; kila moja lilikuwa na mikono mitatu minene ya metali ileile. Rangi yake ilikuwa ya kijivu kinachong'aa. Niliiinua kwa mkono mmoja, na kwa vile nilikuwa nimejiandaa kwa uzito wa chuma, nusura niitupe juu ya bati.

Akaniuliza ni chuma gani. Nina sumaku niliyoitoa katika redio mbovu. Niliipitisha juu ya fremu, haikushika. Hapo ndipo nilipaswa kusema kwamba si chuma, na kwamba zaidi ya hapo sijui. Lakini palikuwa na wateja wawili wanasikiliza, pamoja na shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ambaye ni mchomeleaji na kibanda chake kinashikana ukuta na changu. Maishani nilikuwa nimeona fremu mbili au tatu za alumini. Nikasema, "Hii iko alumini, mama. Haipati kutu. Utazeeka nayo."

Alifurahi, nami nikafurahi kwamba nilijua.

Lakini baiskeli ile haikuwa na mahali pa kufungia kereya, kile kibebeo cha nyuma, na yeye alihitaji kereya kwa ajili ya sanduku la chanjo, ili mgongo upumzike. Nikachukua keekee, nikatoboa matundu manne katika fremu, mawili kila upande chini ya kiti. Ilitoboka kwa urahisi ulionishangaza. Maganda yalitoka meupe, mepesi, yakaanguka miguuni pangu. Nikafunga kereya ya chuma kwa bolti za chuma, nikakaza kwa nguvu zangu zote, na nikajisifu moyoni kwa jinsi ilivyokaa.

Lazima niseme ukweli kuhusu miezi iliyofuata, maana watu wakisikia mwisho wake hudhani kitu kile kilikuwa takataka tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Niliiendesha mwenyewe mara nyingi baada ya kuirekebisha breki, kutoka kibandani mpaka sokoni na kurudi, katika mashimo ninayoyajua kwa majina. Juu ya baiskeli ya chuma kila shimo linapanda mikononi, linapita mabegani, linagonga meno. Juu ya ile, shimo lilikuja likafia njiani. Ulisikia gurudumu limeanguka ndani, lakini mwili haukuambiwa. Sijawahi kupanda baiskeli ya namna hiyo, kabla wala baada. Muuguzi alisema vichupa vya chanjo, ambavyo zamani viliimba ndani ya sanduku njia nzima, sasa vilinyamaza. Alisema kwenye magogo aliibeba kama kikapu. Baada ya wiki chache alianza kukaa kwenye benchi langu.

Kisha mvua zilianza.

Kwanza niliona rangi imevimba kuzunguka bolti mbili za kereya, vipele vidogo kama vya ngozi iliyoungua. Nilivitumbua kwa ncha ya bisibisi. Ndani mlikuwa na unga mweupe, mkavu, kama chumvi. Nilikwangua, nikapaka rangi ya mtumbwi, nikamwambia ni kitu kidogo. Mwezi uliofuata vipele vilikuwa vimetambaa kama upana wa vidole viwili, na bolti moja ilizunguka bure, haikazi tena, kwa sababu tundu lenyewe lilikuwa limelika. Nikaweka bolti nene zaidi. Alumini haifanyi hivyo. Nilikwishaona masufuria ya alumini yakikaa kwenye mvua mwaka mzima nyuma ya nyumba yetu. Nililiona jambo hili, nikaliacha lipite, kwa sababu kulifuata kungenipeleka hadi siku ile niliyosema ninajua.

Asubuhi iliyoleta matata, muuguzi alikuja akiikokota. Alikuwa ametoka na sanduku lake alfajiri, na kwenye mteremko wa kushukia Lindi alisikia mlio nyuma yake, kavu, kama kijiti kilichovunjwa. Alishuka, akatazama, akageuza. Alitembea njia yote kurudi. Nilipiga magoti nikaona ufa. Ulianzia kwenye tundu la bolti, lile la kulia la juu, ukazunguka fremu hadi nusu. Nilipobonyeza kiti, ufa ulifunguka kama mdomo.

Aliweka sanduku chini kivulini. Akaniambia kwamba kijijini akina mama walikwishaitwa, wengine walikuwa wametembea tangu jana kutoka mashambani, na kwamba barafu ndani ya sanduku ilikuwa na saa zake. Ikiisha, dawa yote ni ya kumwaga. Hakuinua sauti. Aliuliza tu kama inawezekana kuiunga sasa hivi.

Nilimwita shemeji. Yeye ni mdogo wangu kwa miaka kumi, mtu wa taratibu, asiyependa kuongea akifanya kazi. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, kwa hiyo mashine yake ya umeme ilikuwa imelala. Alikuwa na mtungi wa gesi na bomba lake la moto. Aliichukua fremu, nikiwa nimekwisha toa magurudumu, akaipima mkononi. Mimi nilikuwa nimeifunga kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, dakika chache kabla na kuukwangua ufa kwa tupa mpaka ukang'aa, ili moto ushike vizuri. Unga wa tupa ulikuwa umelala juu ya meza na kwenye gunia chini yake, wa kijivu, laini kama majivu. Sikuufagia.

Shemeji aliugusa unga ule kwa kidole, akausugua kwa kidole gumba.

"Bokilo," akaniambia, maana ndivyo shemeji wanavyoitana hapa kwetu, "uko hakika iko alumini? Hii iko mwepesi sana. Tukate kwanza kipande kidogo, tukipime kule inje."

Nilimtazama muuguzi. Alikuwa amefungua kifuniko cha sanduku upana wa kidole, akaweka mkono kuisikia baridi, akafunga.

"Nina hakika," nikamwambia. "Barafu haitungojei."

Shemeji akavaa miwani yake myeusi. Ni miwani ya gesi, si ile kofia ya umeme, na lenzi moja ilikuwa na ufa wa siku nyingi. Akawasha. Nilimsikia akirekebisha moto hadi ukawa mdogo, wa buluu, wenye ncha. Mimi nilikuwa nimeshika fremu upande wa mbele ili isitikisike. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni. Nje, kando ya barabara, hatua tano kutoka kwetu, alikuwa mama muuza petroli na meza yake: chupa kumi na tano hivi juu, na madumu mawili ya manjano chini.

Shemeji alizungusha moto juu ya ufa, polepole, akipasha pande zote. Rangi ilitoa moshi, ikageuka nyeusi, ikabanduka. Nilikuwa nangoja metali ianze kulainika kama alumini inavyofanya. Badala yake ukingo wa ufa, pale nilipoupunguza kwa tupa mpaka ukawa mwembamba kama karatasi, ulitoa nukta ya mwanga.

Sijui niseme vipi kuhusu mwanga ule. Haukuwa moto kama moto. Ulikuwa mweupe kabisa, na ulikua bila sauti. Kwa sekunde moja niliona kila kitu kibandani, kila msumari, kila buibui kwenye bati, kisha sikuona kitu. Shemeji alipiga yowe moja fupi. Kitu cheupe kilidondoka kutoka kwenye ufa kikaanguka mezani, juu ya unga wa tupa, na meza nzima ikawaka weupe uleule, na gunia chini yake.

Ndipo nilipokumbuka. Nilipokuwa shule ya sekondari, mwalimu wetu wa kemia alileta darasani utepe mdogo uliofungwa katika karatasi, akaushika kwa koleo, akautia moto. Tulifunika macho. Akatuambia kitu hiki kinaitwa magnesiamu, na kwamba moto wake hauzimwi kwa maji, kwani maji kwake ni chakula. Huzimwa kwa mchanga mkavu. Nilikuwa sijalifikiria somo lile tangu siku ya mtihani.

Nilipiga kelele, "Hapana maji," lakini mama wa petroli alikuwa amekwisha fika. Yeye aliona moto hatua tano kutoka kwenye madumu yake, na alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: alichukua beseni la maji alilooshea vyombo, akalimwaga lote mezani.

Moto ulipasuka. Nilisukumwa hadi ukutani. Vipande vyeupe viliruka pande zote, vikipiga bati, vikipiga mbao, na kimoja kilitoka mlangoni kikatua barabarani, katikati ya mlango na ile meza ya chupa, kikakaa pale kinachemka. Mama wa petroli aliganda, beseni tupu mkononi. Aliyesogea alikuwa muuguzi. Alikipita kile kipande kana kwamba ni jiwe, akashika dumu la kwanza kwa mikono miwili, akavuka nalo barabara, akarudi kuchukua la pili. Hapo mama naye alizinduka, akaanza kukusanya chupa kwenye kanga yake, tatu tatu, akilia na kukimbia.

Mimi nilikuwa namtafuta shemeji. Mtungi wa gesi ulikuwa kona ya nyuma, na bomba lake la moto lilikuwa limeanguka sakafuni likiwa bado linawaka. Ukuta wa mbao kati ya vibanda vyetu ulikuwa umeanza kushika moto wa kawaida, wa manjano. Alikuwa amepiga magoti, miwani imetoka, macho yamefumbwa, machozi yanamtiririka. Hakuwa anaona chochote. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika mpira wa gesi, na alikuwa anaufuata, shibiri kwa shibiri, kuelekea kwenye mtungi, akipapasa kama mtu anayevuta kamba kisimani. Kipande cheupe kilikuwa kimelala karibu na mpira. Nilimwambia achepuke kulia; hakunisikia, au alinisikia na hakuamini tena maneno yangu. Mkono wake ulipita juu ya kile kipande. Niliona mwili wake ukiruka. Hakuachia. Alifika kwenye mtungi, akaupapasa hadi juu, akapata vali, akaizungusha hadi mwisho. Bomba la moto likazimika sakafuni.

Nilimshika kwapani nikamtoa nje. Kisha nikachukua beseni lilelile la mama wa petroli. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mtu anajenga, na chungu ya mchanga wa mtoni ilikuwa imefunikwa kwa turubai, kavu. Sijui nilikwenda mara ngapi. Watu walikuwa wamejaa, wengine wameinua simu, na wawili walikuwa wanakuja na ndoo za maji, ikanibidi niwazuie kwa mwili wangu. Nilimwaga mchanga juu ya fremu, juu ya meza, juu ya kile kipande cha barabarani. Mwanga uliendelea chini yake. Uliona mchanga wenyewe unang'aa kwa ndani, kisha polepole ukawa mwekundu, kisha kijivu. Ukuta tuliuzima mwisho, kwa maji, tukimwaga kutoka upande wa kibanda cha shemeji ili yasifike mezani.

Palipotulia nilisikia sauti ya muuguzi. Alikuwa amemlaza shemeji kwenye kivuli, kando ya sanduku lake la chanjo, anamwosha mkono kwa maji safi, taratibu, muda mrefu. Kiganja cha kushoto na vidole viwili vilikuwa vimeungua vibaya. Macho alimfunika kwa kitambaa safi chenye maji. Shemeji alimwuliza kama ataona tena. Alimjibu kwamba anafikiri ndiyo, kwamba mwanga kama ule hulichoma jicho juu juu na hupona kwa siku mbili tatu. Kisha akaongeza, "Lakini mi si muganga wa macho. Uende hospitali leo, si kesho." Nilipenda kwamba alisema hivyo. Mimi sikuwa nimesema hivyo kuhusu fremu.

Alipomaliza kufunga mkono alifungua sanduku akaweka vidole ndani. Akanitazama. "Ile baiskeli yako ya chuma iko nzima?"

Ilikuwa nzima, ile niliyobebea abiria zamani. Ilikuwa imeegemea nyuma ya kibanda muda wote. Ningeweza kumpa tangu alipofika. Tulifunga sanduku juu yake kwa mpira, akapanda, akaondoka huku uso wake una masizi. Kesho yake jioni aliirudisha. Aliwachanja wote waliokuja. Kwenye magogo alivuka mara mbili kila kijito, kwanza na sanduku, halafu na baiskeli, na alipofika kwangu hakuweza kuinama kuifungua kamba.

Siku ya nne tulikutana nyumbani kwa shemeji, muuguzi na mimi. Alikuwa amekaa mkekani, bandeji ya macho imetolewa asubuhi ile, anapepesa na kutoa machozi akitazama mlango. Alikuwa anaona. Jicho la kulia lilikuwa na doa katikati, kama nzi aliyetulia, ambalo lilichukua wiki nyingi kuondoka. Muuguzi alikuwa amempata kaka yake kwa simu, akaweka sauti juu ili sote tusikie.

Kaka yake alikuwa na karatasi iliyokuja na baiskeli, hakuwahi kuifikiria. Alitusomea akitafsiri kutoka Kifaransa. Ni magnesiamu. Muuguzi alistaajabu, kwa sababu kwake magnesiamu ni dawa, wanamchoma nayo mama mjamzito anayeshikwa na kifafa cha presha. Kaka yake aliendelea. Humiminwa katika kalibu mara moja, ndiyo maana haina viungo vya kuachia. Ni nyepesi kuliko alumini. Humeza mtetemo wa barabara. Yote hayo tuliyajua kwa miili yetu. Kisha sauti yake ikaingia upande wa pili wa karatasi. Rangi isikwanguliwe, maana bila rangi maji yanaila. Isiguswe na chuma kitupu mahali penye unyevu, maana chuma na maji pamoja vinaila haraka zaidi. Isichomelewe. Isipigwe tupa karibu na moto. Isitobolewe.

Simu ilikatika. Mke wa shemeji alikuwa amesimama na sahani ya pondu, yale majani ya muhogo, hakujua aiweke wapi.

"Donc," shemeji akasema, bila kunitazama, "kwa hiyo ulitoboa."

"Nilitoboa. Halafu nikakuambia nina hakika, na sikuwa na hakika."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyesomewa hesabu aliyokwisha ipiga mwenyewe. Hakunitukana. Aliomba mke wake amletee maji ya kunawa mkono wa kulia, akala, na tulipoaga alimuaga muuguzi tu.

Kwa muda wa miezi miwili hakuja Mangobo. Mtungi wake ulikaa kwa rafiki yake upande wa barabara ya Bangboka, na wateja walioulizia mchomeleaji niliwaelekeza huko. Mke wangu alikwenda kwao kila Jumapili baada ya misa, mimi nilibaki. Nilifanya kazi katika kibanda chenye ukuta mmoja mweusi uliojaa mapengo, nikiwaona wapita njia kupitia mahali ambapo yeye alikuwa akikaa. Nilijua kwamba mkono wa mchomeleaji ni kazi yake yote, na kwamba vidole viwili vya kushoto vilikuwa havikunjiki.

Asubuhi moja nilisikia nyundo. Alikuwa amekuja na mbao mpya kwenye mkokoteni na alikuwa amekwisha ng'oa mbili za zamani. Alikuwa anajaribu kushika msumari kwa ule mkono, kati ya kidole gumba na kile cha kati, na msumari ulikuwa unaponyoka. Nilikwenda upande wa pili wa ukuta, nikapitisha mkono kwenye pengo, nikamshikia. Aliutazama mkono wangu kwa muda ambao uliniwia mrefu, na nyundo iko juu. Kisha akapiga, kwa uangalifu. Tuliufanya ukuta wote hivyo hadi saa sita, na maneno tuliyosema yalikuwa ya mbao: huku, juu kidogo, imepinda.

Muuguzi bado anakwenda ng'ambo ya Lindi, kwa baiskeli ya chuma niliyomwekea kiti chenye springi mbili. Mgongo umerudi kumwuma. Akija anashika ukuta, ule mpya. Mwaka jana kaka yake alipiga simu akasema anaweza kupata nyingine kama ile, na akamwuliza kama aitafute au aache. Muuguzi alikuja kuniomba ushauri, jambo ambalo sikulitegemea. Nilimwambia yote kama ninavyojua sasa: kwamba kwa barabara yetu hakuna kitu kinachoulinda mgongo kama kile, kwamba kwa mvua yetu hakuna kitu kinachokufa haraka kama kile kikishajeruhiwa, na kwamba siku ikipasuka hakuna fundi mjini wa kuiunga, nami nisingekubali ajaribu. Ingebidi sanduku lirudi mgongoni, maana sitoboi tena. Ingebidi kila mkwaruzo upakwe rangi siku ileile.

Alisikiliza akiwa amefumba macho. "Ile velo haikuwa mubaya," akasema. "Ilikuwa inataka mahali pengine."

Alimwambia kaka yake aache. Kisha akaniomba nimsukume kidogo ili aanze, kwa sababu kupanda ndiko kunakomuuma zaidi, na nikamsukuma mpaka magurudumu yakashika mwendo.